HESABU KABLA YA KUPANDA BOTI

Kila mwaka mwezi wa Mei watoto wetu wa kidato cha sita huweka kalamu chini, na vyuo huwafungulia milango mwezi wa Oktoba au Novemba. Baina ya hapo pana miezi mitano. Jee, miezi hiyo hufanyiwa nini? Julai hutoka matokeo, khalafu huja pirika za kuomba nafasi na kuomba mkopo, na pirika zikesha kijana hukaa barazani akingoja. Kule Bara wengi wa wenzao huitwa JKT. Wetu hungoja tu, mpaka siku ambayo mzazi ameuza alichonacho na mtoto akapanda boti Malindi na begi lake na godoro lake.

Na aendako ni pakubwa. Katika sensa ya mwaka 2022 Wilaya ya Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, watu 1,889,773. Mtoto aliyetoka Wete au Makunduchi anaingia katika wilaya moja tu yenye watu saba kwa kila kumi wa nchi yake yote. Huko Temeke, Chang'ombe, kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichoanzishwa mwaka 2005, na Kurasini kipo Chuo cha Uhasibu. Kinondoni yapo makao makuu ya Chuo Kikuu Huria. Changanyikeni, karibu na Mlimani, kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, ambacho asili yake ni mwaka 1961. Asiyepata nafasi dakhalia hupanga chumba Tandika, Mtoni au Mwananyamala, wawili au watatu kwa kodi moja.

Shida ya chumba watoto wetu huistahamili. Kinachowavunja ni somo la takwimu. Mtu amekwenda kusomea ualimu, au uuguzi, au uongozi wa biashara, au ustawi wa jamii, naye akidhani kuwa hesabu ameziaga. Mwaka wa kwanza haujesha, anawekewa mbele yake jedwali la namba na kuambiwa atoe wastani na mtawanyiko wake. Aliyechukua Historia, Kiswahili na Kiingereza mara ya mwisho kufundishwa hesabu ni kidato cha nne. Na hesabu za kidato cha nne tunazijua khabari zake: katika mitihani ya mwaka 2021 na mwaka 2022, waliofaulu somo hilo nchini walikuwa kama mmoja katika kila watano. Hawa wanne waliobaki si wajinga. Wengi wao walifaulu masomo mengine, wakapanda, na leo wana barua za vyuo mkononi. Wanakwenda Dar es Salaam na jengo zuri lisilo na msingi upande mmoja.

Watu watasema, hesabu ni kipaji, Mungu humpa amtakaye. Sisi hatukubali. Sisi tuliosoma chuoni, na chuo tunachokusudia ni kile cha mkeka na ubao, tumeona watoto wa kila namna wakifundishwa mirathi na wakaiweza. Mtu amekufa, kaacha mke, mama na mtoto mmoja mwanamume. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, iliyobaki ni ya mtoto. Ugawe mafungu 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Hizo ni sehemu na asili yake, ile ile hesabu ambayo skuli humtia mtoto homa kwa sababu ameletewa kwa Kiingereza na bila ya maiti wala shamba la mikarafuu. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha Baghdad cha karne ya tisa ndicho kilichoipa dunia jina la aljebra, alijaza sehemu kubwa ya kitabu hicho hicho kwa mas-ala ya wasia na mirathi. Alijua anawafundisha watu gani.

Na dukani vile vile. Mtoto anayejua pishi ina vibaba vinne, na anayejua kutazama daftari la madeni akasema nani atalipa na nani atahama mtaa, huyo ameshaanza takwimu, hajaambiwa tu.

Walakin jambo hili halihusu cheti peke yake. Chukua mtaa wa nyumba kumi. Tisa zinapata shilingi 200,000 kwa mwezi, na moja, ya bwana mkubwa, inapata 8,200,000. Jumla ni 10,000,000, na wastani ni 1,000,000 kwa nyumba. Akisimama mtu jukwaani akasema wastani wa pato la mtaa huu ni milioni moja, hajasema uongo. Lakini zipange nyumba hizo kwa safu kutoka ndogo hadi kubwa ukaitazame ya katikati: laki mbili. Asiyejua kuuliza "na ya katikati jee?" atapiga makofi. Tukumbuke kuwa mwaka 2018 Bunge la Muungano liliibadilisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ikawa ni kosa kutangaza takwimu zenye kuzipinga zile za serikali. Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi wake, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, kosa hilo likaondolewa. Ruhusa ya kuhesabu imerudi. Wahesabuji wako wapi?

Chuo Kikuu Huria kina mafunzo ya msingi kwa wasiotimiza sifa za kuingia, nayo ni kheri. Ama yule mwenye sifa, ambaye hesabu zake ndizo zilizolegea, huachwa ajitafutie. Hutafuta tuisheni za mitaani, Tandika au Mwananyamala, chini ya bati, kwa mwalimu ambaye kazi yake ya kila siku ni kukaririsha maswali ya mitihani iliyopita. Hatuwalaumu waalimu hao. Wanalishwa na mitihani. Lakini anayekwenda chuoni hana mtihani wa zamani wa kukariri, anataka kufahamu. Na mkopo wa elimu ya juu hauanzi mpaka mtu ameshapokelewa, kwa hivyo miezi ile ya matayarisho hulipiwa na mzazi au hailipiwi na mtu.

Rai yetu ni hii. Wanafunzi wetu wa vyuo vya Dar es Salaam hurudi visiwani likizo ndefu, na miezi ya Agosti na Septemba wako hapa, hawana kazi, na wengine wamelipita somo hilo la takwimu kwa tabu wanayoikumbuka bado. Hao ndio waalimu. Vyumba vya madrasa viko wazi asubuhi. Wiki nane zatosha: sehemu na asilimia kwanza, khalafu uwiano, mlinganyo, kuchora na kusoma grafu, wastani na mtawanyiko, na mwisho kutumia kikokotoo bila ya kukiamini kila neno. Wafundishwe kwa Kiswahili mpaka wafahamu, ndipo wapewe majina ya Kiingereza watakayoyakuta huko. Namba za sensa ziwe mazoezi yao, na bei za soko la Darajani.

Watoto wa kike wapangiwe saa ambazo hawatakuwa jikoni, na wazazi wao waambiwe hivyo waziwazi. Mtoto wa jirani ambaye baba yake ni wa chama kingine naye apokewe. Boti ni moja na chumba cha Tandika watakipanga pamoja.

Makatibu wa matawi waandike tokea sasa majina ya wanaongojea nafasi, na majina ya walioko vyuoni watakaorudi likizo. Chaki na daftari za mwanzo tutazitoa sisi wenye maduka.