Mfagiaji asiyeulizwa habari zake

Wapokezi wametusimulia habari za mwanamke aliyekuwa akiufagia Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina. Alipofariki, Masahaba walimzika bila ya kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume alipomkosa aliuliza habari zake, akawalaumu kwa kutomwarifu, kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia.

Ndugu msomaji, zama zetu nazo zina wafagiaji wake. Wapo watu wanaotunza programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo maandishi ya undani wake yamewekwa wazi ili kila mtu azitumie na kuzirekebisha. Simu za Android, zilizojaa majumbani mwetu, zimejengwa juu ya mojawapo, Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Linux leo ina makampuni makubwa nyuma yake, lakini programu nyingi ndogo zinazoizunguka hutunzwa na watu wanaojitolea baada ya kazi zao za mchana. Zikienda vyema, hakuna anayewakumbuka. Zikikwama, lawama huwafikia kabla ya salamu.

Tazameni yaliyoisibu xz, programu ya kubana mafaili. Mtunzaji wake alijitolea kwa miaka mingi. Mwaka 2022 watu walimlalamikia kwamba anachelewa, naye akajibu kuwa afya yake ya akili imedhoofika na kazi hiyo haina malipo. Msaidizi aliyejiita Jia Tan akaaminiwa, akakabidhiwa madaraka. Mapema mwaka 2024 msaidizi huyo aliingiza humo mlango wa siri wa kuvamia kompyuta za watu. Mwezi Machi mhandisi Andres Freund aliugundua, baada ya kushangazwa na ucheleweshaji wa nusu sekunde tu. Adui alipita pale ambapo mtumishi aliachwa peke yake.

Wapo watakaosema: mwenye ikhlasi hatafuti sifa, malipo yake yako kwa Mola wake. Maneno hayo ni ya kweli akijiambia mwenyewe anayejitolea. Yakisemwa na anayenufaika, huwa kisingizio cha kukwepa deni. Ikhlasi ni wajibu wa mtoaji, na shukrani ni wajibu wa mpokeaji; mmoja hauuondoi mwingine. Mtume hakuwa na shaka na ujira wa yule mfagiaji, na bado aliuliza habari zake.

Kwako unayejitolea: uchungu wa kusahauliwa si dhambi. Isahihishe nia yako, lakini kumbuka kuwa mwili wako nao una haki juu yako. Mzigo ukizidi, sema; na kupumzika si khiyana.

Kwa makampuni yanayochuma faida juu ya kazi hizi: toeni sehemu ya faida hiyo kwa wanaozitunza. Na kwetu wazazi: kijana akikesha mbele ya kompyuta bila ya kulipwa, tusiharakishe kusema anapoteza wakati. Tumuulize anatengeneza nini na ni nani anayefaidika. Huenda swali hilo likawa ndiyo shukrani ya kwanza aliyopata kuisikia.

Tusingoje kuonyeshwa kaburi ndipo tuulize.

Wabillahi tawfiq.