Njia Isiyopitwa na Motokaa



Mwaka jana nalisafiri kwenda Sweden kwa mkutano wa waalimu. Ndege ikatushusha Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, saa mbili ya asubuhi, na ndege ya pili ilikuwa ya saa kumi alasiri. Wenzangu wakajinyosha vitini wakalala. Mimi nalikuwa na ruhusa ya kuingia katika nchi ile, nikaona si vema kukaa kutwa nikitazama ukuta. Nikapanda treni isiyo na dereva, na baada ya robo saa nikashuka penye kiwanja kiitwacho Kongens Nytorv. Hapo ndipo ianziapo njia ya maduka, jina lake Strøget.

Kabla sijaendelea, yanipasa kuungama jambo. Kwetu gulio hukaa kila Jumamosi kandokando ya barabara. Mwaka juzi pikipiki ilimgonga mtoto wa jirani yangu, akavunjika mguu. Wazee wakaita baraza, wakataka barabara ifungwe siku ya gulio. Nami, niliye na kibanda cha madaftari na sabuni pale, nalisimama nikapinga: “Mkifunga njia wateja watatukimbia. Na bidhaa zitaingiaje?” Watu wakanisikiliza kwa kuwa mimi ni mwalimu, na shauri likavunjika.

Basi nikaingia Strøget. Urefu wake wapita kilomita moja kidogo, hata kiwanja cha nyumba ya baraza la mji. Hakuna motokaa ipitayo kati ya watu. Hata mwenye baiskeli hushuka akaisukuma. Nikaona magari machache yakishusha bidhaa milangoni, nikaambiwa ya kuwa ruhusa yao ni ya asubuhi tu, kisha huondoka. Lo! Swali langu la barazani likajibiwa mbele ya macho yangu.

Nikaketi karibu na chemchemi ya korongo, iliyojengwa mwaka 1894. Mzee mmoja aliyeketi hapo akanieleza habari za njia ile. Zamani ilijaa magari tele. Ilipofungwa, tarehe 17 Novemba 1962, wenye maduka wengi walinung’unika, wakasema biashara itakufa, na ya kwamba watu wa nchi ya baridi hawana desturi ya kutembea na kuketi nje. Wakuu wa mji wakaifunga kwa kujaribu tu. Lakini watu wakaja kwa wingi, maduka yakapata wanunuzi, na mwaka 1964 ikakatwa shauri njia ibaki hivyo. Msanifu Jan Gehl alikuwa akikaa pale katika miaka ile, akihesabu watembeao na waketio, ili maneno ya watu yapimwe kwa hesabu. Mwaka 1962 mahali pa waendao kwa miguu katikati ya mji palikuwa meta za mraba 15,800. Kufika mwaka 2005 zilikaribia 100,000.

Nikawatazama watoto wakikimbia mbele ya mama zao, wala hakuna aliyewaita kwa hofu. Ndipo moyo ukanichoma. Wafanya biashara wale walikuwa na udhuru: wateja wao wengine walikuja kwa magari. Lakini kwetu karibu wote huja gulioni kwa miguu, wenye vikapu vichwani na watoto migongoni. Nalimtetea nani basi? Nalitetea kibanda changu, nikakiita faida ya wote.

Sikununua kitu. Saa saba nikarudi uwanja wa ndege, nisije nikaachwa.

Nalipofika nyumbani nalikwenda kwanza kwa jirani yangu kuomba radhi. Akanipa kiti, akasema, “Karibu, Mwalimu. Mguu umepona, ila mtoto angali anaogopa gulio.” Sikuwa na jibu.

Baraza litakaa tena mwezi ujao. Nitasimama pale pale niliposimama kwanza, niseme ya kuwa nalikosa, na niombe tujaribu miezi mitatu: bidhaa ziingie alfajiri, kisha njia ifungwe mpaka saa tisa. Nasi tuhesabu wateja kila Jumamosi. Nawe msomaji, ukisimama kupinga shauri la wenzako, jiulize kwanza kibanda chako kiko wapi.