Uwanja Usikatwe Vipande

Ndugu wanachama, wapo wanaotucheka tukitaja miti na viwanja vya wazi. Husema: shamba lipo, pori lipo, bahari ipo; mtu wa Lindi bustani ya nini? Maneno hayo tumeyasikia barazani, hata kwa wenzetu wa Chama. Hatuyakubali.

Mkoloni alijua thamani ya uwanja. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliigawa Dar es Salaam kanda tatu, na Waingereza wakaufuata mgawo huo. Uzunguni kulikuwa na bustani ya mimea, barabara zenye vivuli na majani ya kuchezea gofu. Kariakoo ilikuwa nyumba kwa nyumba. Mnazi Mmoja, ule uwanja mkubwa uliopakana nayo, haukuachwa wazi kwa kumhurumia Mwafrika: ulikuwa mpaka wa kumtenga na Uhindini. Wananchi wenyewe ndio waliougeuza kuwa mahali pa hadhara na sherehe zao.

Hapa kwetu mti una heshima yake. Kilwa Kivinje, Mwembe Kinyonga hutukumbusha Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Lakini mti mmoja wa kumbukumbu hauwatoshi watoto wanaocheza mpira njia ya malori.

Sasa miji yetu inakua. Kilwa Masoko, jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa mwaka 2023. Lindi, habari za gesi ya Likong'o zimeamsha tamaa ya ardhi. Wapimaji wako kazini. Tazameni lugha yenyewe: uwanja ni wa wote, kiwanja ni cha mtu, vikiwa vingi vyote huitwa viwanja, na wajanja hupita hapo hapo. Ramani huonyesha pa wazi, mwakani pana vibanda vya maduka. Tena tuseme kweli, hata ikituuma: baadhi ya wanaokata vipande hivyo wana kadi kama zetu. Zamani tulitengwa kwa rangi. Leo, penye nyumba za wakubwa pana vivuli, na mitaa ya wavuvi jua kali.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, twendeni sote, wanawake na vijana. Ramani itandikwe mezani. Tuulize: watoto watacheza wapi? Maulidi yatasomwa wapi? Hati ya uwanja huo anayo nani? Na tusiondoke kabla majibu hayajaandikwa.