Wahesabiwe wote, hata chura

Wengi wetu tukiingia bustani ya wanyama tunakimbilia simba na twiga, lakini kazi ya maana iko kwenye daftari la hesabu. Pale bustani ya wanyama ya London, kila Januari wafanyakazi huhesabu wanyama wote, kwa kuwa sheria ya leseni inawataka. Sisimizi, maskini, huhesabiwa kundi zima kama mmoja.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kulijali jambo hili. Chura wa Kihansi, asiyefika hata sentimita 3 na anayezaa badala ya kutaga mayai, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa Marekani, kwenye bustani za Bronx na Toledo, uzao wa vyura wapatao 500 waliochukuliwa Kihansi, hapa nchini, miaka ya nyuma. Huko waliandikwa: waliozaliwa, waliokufa, na chanzo cha kifo. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao.

Ombi langu kwa wenye bustani za wanyama mijini kwetu: bandikeni getini orodha ya spishi mlizonazo, idadi yake na tarehe mliyohesabu. Tunaolipa kiingilio tuna haki ya kuisoma.