Bukavu: kifafa kinachofuata kuanguka, wazazi wasisahau tarehe

Bukavu ni mji wa milima. Huko Kadutu na Bagira, mtoto anateleza kwenye ngazi za udongo akiwa na bidoni ya maji. Kwingine anagongwa na pikipiki. Kidonda cha kichwa kinashonwa, mtoto anarudi nyumbani, na familia inasahau.

Lakini ubongo unaweza kubaki na alama. Mishituko ya kifafa inaweza kuanza miezi, hata miaka, nyuma ya ajali. Si kila mtoto anapatwa. Hatari inazidi pale fuvu lilipasuka ao damu ilivuja ndani ya kichwa.

Siku hiyo hakuna anayekumbuka kuanguka. Jirani anaitwa mchawi, mtoto anafungiwa kwenye chumba cha maombi, masomo yanakatika. Kuomba si kosa. Kosa ni kuomba bila kufika hospitali.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema karibu 70% ya wagonjwa wa kifafa wanaweza kuishi bila mishituko wakipata matibabu yanayofaa. Fenobarbitali, dawa ya bei ndogo, iko kwenye orodha yake ya dawa za lazima. Wakubwa wa afya wa Kivu Kusini wahakikishe haikosekani kwenye vituo vya mitaa.

Naye mzazi aandike tarehe ya kuanguka kwenye fishi ya mtoto. Akishikwa, alazwe ubavu, asiwekewe kitu mdomoni. Dakika 5 zikipita, akimbizwe hospitali.