Rangi za Nyaya: Istilahi Inapokuwa Suala la Uhai

Katika isimu tunafunzwa kwamba uhusiano baina ya neno na kirejelewa chake ni wa kinasibu. Ukweli huu hujidhihirisha vyema katika nyaya za umeme zilizofichwa ukutani. Wekundu wenyewe hausemi "hatari". Ni watu waliopatana hivyo. Mapatano yakibadilika na lugha isiyafuate, fundi huweza kulipa kwa roho yake.

Kwa miaka mingi, majengo yaliyofuata kanuni za Uingereza, yakiwemo mengi ya humu nchini, yalikuwa na waya mwekundu wa kuleta umeme, mweusi wa kuurejesha, na wa kijani wa kuupeleka ardhini hitilafu itokeapo. Mwaka 2004 Uingereza ilianza kubadilisha rangi hizo ili zilingane na za Ulaya, na kufikia 2006 kazi zote mpya huko zikalazimika kuzifuata. Kahawia ilishika nafasi ya nyekundu, buluu ikashika ya nyeusi, huku kijani kikiwa tayari kimeongezewa manjano kabla ya hapo. Hatari kubwa imo katika umeme wa fezi tatu. Humo, nyeusi iliyokuwa ya kurejesha sasa huleta umeme, nayo buluu iliyokuwa ikileta umeme sasa huurejesha. Rangi ni zile zile, maana zimebadilishana viti! Fundi anayeunganisha nyaya mpya na za kale katika jengo moja hana budi kujua hayo.

Je, Kiswahili kimejiandaa vipi? Nyekundu na nyeusi ni vivumishi asilia vinavyopatanishwa na nomino: waya mwekundu, nyaya nyeusi. Hakuna anayebishania maana zake. Lakini waya mpya tuuiteje: wa kahawia au wa hudhurungi? Wa buluu au wa samawati? Darasani tuna majibu mawili, na kwenye jengo fundi wa stima ana lake: "brauni". Katika shairi, wingi huu wa visawe ni utajiri. Katika maagizo ya usalama, ni mtego.

Majina ya kazi za nyaya nayo yana walakini. Wapo wanaofasiri Kiingereza neno kwa neno na kusema "waya hai", ilhali uhai kwetu ni jambo la heri. "Waya wa moto" unaonya. Vivyo hivyo, kuuita ule wa pili "waya baridi" ni kumdanganya mwanafunzi, kwa kuwa nao hupitisha umeme taa inapowaka, na ukikatika huweza kumnasa mtu. Heri tuuite "waya wa marejeo", kwa kuwa jina hilo laeleza kazi yake. Wa tatu ni "waya wa ardhi".

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Urasmi huo usiishie bungeni na kwenye makongamano. Wanafunzi wa Kiswahili waende kwenye karakana za vyuo vya ufundi, wasikilize, kisha wakubaliane na mafundi kuhusu jina moja kwa kila rangi na kila kazi. Uingereza ilitaka kibandiko cha onyo kiwekwe panapokutana rangi za kale na mpya. Chetu na kiandikwe kwa Kiswahili, na kimkumbushe fundi azime umeme na kuupima waya kabla ya kuugusa, kwani rangi ni ahadi tu, na ahadi huvunjwa.