Sumu ya nyoka ni hazina, lakini itamfaa nani?

KWA mkulima wa Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, moma ni adui wa kuuawa mara tu anapoonekana nyasini. Hofu hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 ulimwenguni kila mwaka.

Hata hivyo, sumu hiyo hiyo imezaa dawa. Katika miaka ya 1960, mwanasayansi wa Brazil, Sérgio Ferreira, aligundua katika sumu ya nyoka jararaca viambato vinavyochangia kushusha shinikizo la damu. Kutokana na ugunduzi huo, kampuni ya Squibb ya Marekani iliunda captopril, iliyoidhinishwa nchini humo 1981. Enalapril, dawa ya jamii hiyo, leo humezwa na wagonjwa wengi nchini Kenya.

Moma naye si mtupu. Sumu yake ina bitistatini, protini inayozuia chembe za damu kushikamana na kuganda. Protini ya aina hiyo kutoka kwa nyoka wa Marekani ndiyo iliyoongoza kwenye eptifibatide, dawa ya moyo iliyoidhinishwa 1998. Mnamo 2012, watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba viambato vya sumu ya koboko viliwatuliza panya maumivu kwa nguvu inayokaribia ya mofini, bila kudhoofisha pumzi.

Swali ni nani atakayefaidika. Brazil ilitoa nyoka na elimu. Biashara ikashamiri ng'ambo. Kenya ilionja hayo Ziwa Bogoria, ambako vijiumbe vilivyochukuliwa mapema miaka ya 1990 vilizua mzozo kuhusu vimeng'enya vilivyouzwa na kampuni ya kigeni. Ni mnamo 2007 ambapo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitia sahihi mkataba wa kugawana mapato na Novozymes ya Denmark.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inadai kibali kwa utafutaji wa aina hiyo, nayo Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutekelezwa 2014, inataka faida igawanywe kwa haki. Lakini sheria haichunguzi sumu; maabara ndizo huchunguza. Watafiti wa nyoka katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Nairobi, wanaonyesha kuwa uwezo upo. Kinachohitajika ni serikali kuugharimia.

Anayeishi na hatari ya meno ya moma hafai kuwa wa mwisho kuonja tamu yake. Fungu la kwanza la faida yoyote na liwe dawa ya kukabili sumu katika zahanati za Lambwe.